Mlinzi Kwenye Bango la Magodoro

Habari ililetwa nyumbani na binti yao. Alitumwa mkate, akarudi mbio bila mkate, na mlango akauacha wazi nyuma yake.

"Mama! Baba yuko barabarani, mkubwa kama nyumba, amelala mdomo wazi!"

Mama alikuwa mbele ya kioo anachana nywele ili awahi kazini. Kitana kikabaki kichwani. Mume wake alikuwa mlinzi wa usiku, saa hizo ndizo za kurudi, na mtu akiambiwa mume wake amelala barabarani hafikirii jambo la heri. Alitoka na ndala za jozi mbili tofauti, akakimbia hadi njia panda ya kituo cha mafuta alikoonyeshwa na binti, macho yakitafuta damu kwenye lami.

Damu hakuiona. Aliona watu wamesimama wanatazama juu, wengine wanacheka, akatazama naye. Pale juu, kwenye fremu ya chuma inayotundikwa matangazo, alikuwepo mume wake mzimamzima. Ameketi kwenye kiti cha plastiki, kichwa kimeangukia nyuma, mdomo wazi kiasi cha kuhesabika meno, kavaa sare yake ya bluu ya ulinzi na beji kifuani. Pembeni yake lilikuwepo godoro nene, jeupe, limenona. Na juu ya kichwa chake maandishi meupe yaliuliza: BADO UNALALA HIVI?

Hofu ya ajali ikamtoka, ikaingia nyingine mbaya zaidi. Bango lile alikuwa amelitengeneza yeye.

"Si Afande huyu?" mwenye kibanda cha vocha alimwuliza, machozi ya kicheko yakimlenga. "Wamempata lindoni nini?"

Aligeuka akarudi nyumbani anatembea pembeni kabisa mwa barabara, na kitana bado kichwani.

*

Kazini walimwita Mwanafunzi, ingawa hata bosi wake, kijana wa miwani mikubwa, angeweza kuwa mdogo wake wa mwisho. Ilikuwa ofisi ndogo ya kutengeneza matangazo, vyumba viwili juu ya duka la viatu, na yeye alichukuliwa kwa majaribio, kwa posho isiyofika mbali. Hakulalamika. Huyu alikuwa mtu wa kuuliza maswali. Tangu zamani akishika boksi la sabuni husoma pande zote sita, kisha anataka kujua kwa nini herufi za biskuti ni nene na za dawa ni nyembamba, na nani aliamua kwamba maziwa yawe na bluu. Mumewe alizoea. Alikuwa akisema amemwoa mwanamke mmoja lakini analishwa na kuhojiwa na kituo kizima cha polisi.

Somo lililomtesa kuliko yote lilikuwa kumtoa mtu kwenye picha, yaani kumzungushia mstari kwenye kompyuta, nukta kwa nukta, mpaka vilivyo nyuma yake vidondoke abaki peke yake. Nywele ndizo zenye kazi. Afande hunyoa kipara, kwa hiyo Mwanafunzi alimpiga picha mchana mmoja akiwa amepitiwa na usingizi kwenye sofa la nyumbani, bado na sare ya zamu, akaenda kujifunzia kwa kichwa chake.

Kisha ikaja kazi ya magodoro. Picha halisi ilikuwa bado haijanunuliwa, akatafuta kitu cha kushikia nafasi, akamweka mume wake. Sofa lilionekana la starehe mno, akalifuta, akampa kiti cha plastiki. Akacheka peke yake. Picha ya kununua ilipofika, ya dada mrembo anayejinyoosha kwa kukosa usingizi, alibadilisha na kuhifadhi upya, na mwenye magodoro akaipitisha.

Sasa, watu wa kazi hii wana ugonjwa mmoja. Faili la kwanza wanaliita "mwisho". Wakirekebisha wanaliita "mwisho kabisa". Wakirekebisha tena linakuwa "mwisho wa kweli". Mwanafunzi alikuwa nayo yote matatu, na siku ya kupeleka kwa wachapaji, bosi akimhimiza mgongoni, alipeleka "mwisho" akidhani ndio mwisho.

*

Afande aliingia amevuta kofia hadi kwenye nyusi. Alikuwa ameshaambiwa na watu watatu njiani. Hakupiga kelele. Aliketi kwenye lile sofa, akavua kiatu kimoja, akakiangalia.

"Nani alinipiga picha?"

"Mimi."

"Nani akaipeleka kule?"

"Mimi. Nilikosea faili, mume wangu. Haki ya Mungu, nilikosea faili."

"Na hicho kiti? Mimi sina kiti kama kile."

"Nilikiweka."

"Uliniwekea kiti," alisema Afande polepole, kama mtu anayejaribu kuelewa hesabu. "Nimelala kwangu, mchana, baada ya kukesha. Wewe ukanitoa hapa ukanikalisha kwenye kiti cha getini."

Binti yao alikuwa amesimama mlangoni. "Baba, kwenye bango una jino moja limetoboka," alisema kwa upole, kama anayetoa msaada.

Simu ya Afande ikalia kabla mtu hajamjibu mtoto. Alisimama kuipokea, kama kawaida yake mkubwa wake akipiga. Alisema "ndiyo mkuu" mara nyingi, kisha akakata na kukivaa tena kile kiatu. Aliyepiga ni mkuu wa kampuni ya ulinzi. Mwenye jengo analolilinda Afande alikuwa amepita njia panda, ameona, na amesema hawezi kulipia watu wa kulala.

"Naitwa ofisini," Afande alisema.

"Twende wote. Nitamwonyesha ukweli. Ninao kwenye kompyuta."

Alisema hivyo kwa uhakika kabisa, na Afande, ambaye hakuwa na ukweli mwingine mfukoni, alikubali.

*

Ofisi ya mkuu ilikuwa na meza moja, feni isiyozunguka na ukuta uliojaa funguo. Hawakukaribishwa viti. Mkuu alikuwa mtu mnene wa sauti ndogo, na ile sauti ndogo ndiyo waliyoiogopa walinzi.

"Kampuni hii nimeijenga kwa jina," alianza. "Jina letu ni macho. Sasa mji mzima unaona sare yangu imefumba macho. Nieleze."

Mwanafunzi aliweka laptopu mezani na kuifungua. "Mkuu, naomba utazame hapa. Hili tangazo si picha moja. Ni matabaka, kama shuka zilizopangwa moja juu ya nyingine. Natoa la kwanza." Maandishi yakatoweka. "Natoa la pili." Godoro likaondoka. "La tatu." Kiti kikapotea, Afande akabaki anaelea hewani, ameketi bila kitu chini yake. "Na hii ndiyo picha yenyewe, kabla sijaigusa."

Likatokea sofa. Likatokea dirisha la nyumbani na jua la mchana, na mguu wa binti yao pembeni ukiwa na soksi.

Mkuu alisogeza kiti. "Hebu rudisha."

Akarudisha.

"Toa tena." Akatoa. Mkuu aliita msaidizi wake, akaita na dada wa mapokezi, wote wakainama juu ya laptopu, wanaguna, wanauliza hapa umefanyaje, na kivuli hiki je. Mwanafunzi akasahau kilichomleta. Alieleza kivuli kinavyotafuta upande wa mwanga, alieleza alivyokunja makalio ya suruali yaendane na kiti. Macho yalimng'aa. Afande alisimama nyuma yao na kofia mikononi, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi aliona pengine mambo yatakwenda sawa.

"Kumbe," alisema mkuu. "Kwa hiyo mtu unaweza kumtoa kwenye sofa ukamweka kwenye kiti, na jicho lisijue."

"Ndiyo, mkuu."

"Na unaweza kumtoa kwenye kiti ukamweka kwenye sofa?"

Afande alifumba macho. Mwanafunzi aliona shimo lilipo, lakini ni swali la kazi yake, na kwenye kazi yake hakujua kudanganya.

"Naweza," alisema.

"Jicho lisijue?"

"Nikitulia, halijui."

Mkuu aliegemea nyuma. "Basi mama, hujanionyesha kitu. Umenionyesha kwamba picha si ushahidi, ile ya bango wala hii ya kwako." Akamgeukia Afande. "Na hata ningekuamini, mwenye jengo haji hapa kutazama matabaka. Anatazama lile bango. Kaa nyumbani. Ijumaa asubuhi nitapita pale. Nikikuta bado wewe ni mlinzi anayelala kazini, urudishe sare, imefuliwa."

*

Walirudi kwa miguu. Yeye mbele na laptopu kifuani, Afande hatua kadhaa nyuma, kama watu wasiofahamiana. Kila alipopita mtu Afande alijifanya anafunga kamba za viatu.

"Kwa nini ulisema unaweza?" aliuliza hatimaye.

"Kwa sababu naweza."

"Ungesema hapana. Neno moja tu. Hapana."

"Angejua nadanganya, ingekuwa mbaya zaidi."

"Mbaya zaidi ipi tena? Unga umeshamwagika!" Alisimama katikati ya njia. Hakujifanya tena anafunga kamba za viatu. "Wewe unauliza kila kitu. Unauliza boksi la sabuni. Unamwuliza mwenye duka la dawa kwa nini herufi ndogo. Mimi peke yangu ndiye hukuniuliza. Ulinipiga nimelala, ukanikata, ukanibandika, na hukusema hata, we bwana, unaonaje?"

Lilimchoma, maana lilikuwa kweli. Machozi yakamtoka palepale, na hakuyafuta.

"Na kama ulikuwa lazima uniweke," Afande aliendelea, sauti imepanda, mwuza mitumba wa jirani amegeuka kutazama, "ungeandika basi kwamba nimekesha nawalinda! Ungeandika wanipe hata pa kulala! Siyo kuniuliza kama bado nalala hivi. Ndiyo, nalala hivi! Nyinyi mlilala wapi usiku?"

Mkewe aliacha kulia. "Rudia."

"Nirudie nini?"

"Ulivyosema. Nimekesha..."

"Mama, mimi nina hasira, wewe unanirudisharudisha kama redio?"

"Rudia, baba. Tafadhali."

Alirudia, kwa kununa. Na mkewe, pale pale barabarani, na kamasi zake, akaona kitu kilichompita kule ofisini. Alikuwa amemwonyesha mkuu jinsi ya kubadilisha picha, kumbe picha haina haja ya kuguswa. Watu hawakucheka uso wa mumewe. Walicheka lile swali lililokaa juu yake. Ukilitoa ukaweka neno lingine, mtu yuleyule, mdomo uleule, anakuwa mtu mwingine.

Walipofika nyumbani alifungua laptopu juu ya meza ya kulia, akafuta maandishi, akaandika mapya, kisha akaisukuma upande wa mumewe.

"Safari hii nakuuliza," alisema. "Ukikataa, nitaenda kwa bosi kesho niombe bango zima lishushwe. Watanifukuza, sawa. Lakini bila wewe kusema ndiyo halitatoka hapa mezani."

Afande hakuangalia maandishi kwanza. Aliangalia uso. Mtu hajioni akiwa amelala. Alikuwa hajawahi kujiona hivyo maisha yake yote. Aliuliza kama anaweza kuukuza, mkewe akamwonyesha kitufe. Aliukuza mpaka mikunjo ya macho, akaupunguza, akaukuza tena.

"Ndivyo ninavyokuwa?"

"Ukitoka zamu, ndiyo."

"Naonekana mzee."

"Unaonekana umechoka."

Kisha akasoma yale maandishi, midomo ikicheza bila sauti, akayasoma mara ya pili. "Hizi herufi," alisema, "haziwezi kuwa nene kidogo? Za kwanza zilikuwa zinanicheka. Hizi zisiwe na haya."

"Naweza kuzinenepesha."

"Basi weka," alisema Afande, akainuka kwenda kunawa uso.

*

Asubuhi yake Mwanafunzi alipanda ngazi za juu ya duka la viatu akijikaza kisabuni. Alipanga aongee na bosi faraghani. Akamkuta mwenye magodoro mwenyewe ameketi pale, mama wa makamo mwenye sauti ya sokoni, anacheka.

"Watu wanaingia dukani wanauliza la yule mlinzi!" alikuwa akisema. "Mimi nilipitisha dada mrembo, kumbe kijana wangu ulikuwa na lako moyoni. Umebadilisha bila kuniambia, nimekasirika nusu siku, halafu nikahesabu wateja hasira ikaisha."

Bosi alirekebisha miwani yake na kutabasamu kwa unyenyekevu. "Tuliona ile ina uhai zaidi."

Njia ya kunyamaza ilikuwa imefunguka hapo, pana, imefagiliwa. Angenyamaza, kazi angebaki nayo, labda na sifa kidogo.

"Samahani," alisema. "Hamkuona. Ni kosa langu. Nilipeleka faili siyo."

Bosi akamtolea macho. Yeye akaendelea hadi mwisho: sofa, kiti, faili, mkuu wa ulinzi, Ijumaa.

"Kwa hiyo ni mtu kweli?" mwenye magodoro aliuliza.

"Ni baba wa mtoto wangu. Na kwa sababu yangu amesimamishwa kazi."

"Mwanafunzi," bosi alisema, taratibu, masikio yamemwiva, "umetundika barabarani uso wa mtu asiyejua, kwa jina la ofisi yangu."

"Ndiyo, bosi. Naomba maandishi yabadilishwe. Ukanda wa juu tu ndio uchapwe upya. Haya hapa."

Aligeuza laptopu. Mwenye magodoro alisoma, na kicheko chake cha sokoni kikazimika. Alisogea karibu na kioo, akamtazama yule mtu kwenye kiti kama ndiyo kwanza anamwona.

"Dukani kwangu kuna mlinzi," alisema. "Sijui hata anaishi wapi." Akamgeukia bosi. "Badilisheni. Ila mimi silipi mara mbili."

"Nikatwe mimi," alisema Mwanafunzi.

"Utakatwa," alisema bosi. "Posho yote. Halafu tutakaa wewe na mimi tuzungumze kama unabaki." Akainama, akapunguza nafasi kati ya maneno mawili kwa kidole kimoja, akatazama, akarudisha ilivyokuwa. "Uliyapanga vizuri," alisema, kwa hasira.

*

Ijumaa jua lilipochomoza, mafundi wawili walikuwa juu ya ngazi wanavuta ukanda mpya kwenye fremu, wanaukaza kwa kamba. Mwanafunzi alisimama chini akiwaelekeza, kushoto kidogo, hapo, umepinda. Afande alikuja na binti yao, kofia imevutwa hadi puani, akajificha nyuma ya nguzo ya umeme ambayo haikutosha hata kuficha mkono wake mmoja.

Gari la mkuu likaja, likasimama pembeni. Mkuu aliteremsha kioo, akanyanyua uso. Ukanda ulikuwa umekazwa wote sasa, herufi nene, hazina haya:

AMEKESHA AKIKULINDA. MPE PA KULALA.

Mkuu alisoma. Alitazama sare, beji, kiti, ule mdomo wazi, akarudi kwenye maandishi. Hakuna aliyejua anawaza nini, na Mwanafunzi alikuwa ameshika mkono wa binti yake kwa nguvu hadi mtoto akalalamika.

"Huyo wa nyuma ya nguzo," mkuu aliita kwa ile sauti ndogo. "Njoo."

Afande alikwenda, akasimama wima.

"Mwenye jengo nitaongea naye mimi. Jioni uwe getini. Na sare uipige pasi, watu watakuja kukutazama." Akapandisha kioo, akakiteremsha tena nusu. "Hicho kiti hapo juu kiondoke. Kampuni yangu haitoi viti."

Gari likaondoka. Mwanafunzi alitaka kupiga vigelegele, badala yake akaketi kwenye ukingo wa barabara na kucheka bila sauti, mikono usoni.

Ndio ulikuwa wakati wa walinzi wa usiku kutoka zamu. Walikuja kutoka upande wa majengo, watano au sita, sare za kampuni mbalimbali, macho mekundu, kila mmoja na mfuko wake mdogo. Hawakuwa na habari na mtu. Wa mbele alitazama juu kwa bahati tu, akapunguza mwendo, akasimama, na wenzake wakamgonga mgongoni, wakasimama nao. Walisoma. Hakuna aliyecheka. Mmoja wao, mzee mwembamba, alisoma kwa sauti, neno moja moja, mpaka mwisho, kisha akaendelea kutazama kama kuna mengine yaliyofichwa.

"Huyu ni nani?" aliuliza yule mzee.

Afande alivua kofia.

"Ni mimi," alisema.